Desemba Dar: nataka bendi ya laivu, sio plebeki. Niende wapi?

Swali la msomaji: "Mkuu habari. Mimi ni mtu wa Dar ila naishi Muscat, Desemba hii narudi likizo ya wiki tatu na familia. Miaka mingi sijaona bendi ikipiga laivu, nataka kwenda na mke wangu na pia kumtoa bi mkubwa, mama yangu, yeye ni mtu wa Tanga, mambo yake taarabu za kina Shakila. Mdogo wangu ananicheka anasema siku hizi ni singeli tu. Mimi sinywi pombe. Nikiangalia mtandaoni naona mabango ya shoo kubwa kubwa tu. Hivi bendi bado zipo? Niende wapi, siku gani, na niepuke nini?"

Karibu nyumbani mkuu. Bendi zipo, tena zinapiga karibu kila wiki, ila hazipo huko unakozitafuta. Shoo kubwa unaiona mtandaoni kwa sababu ina mdhamini, na mdhamini ndo analipia bango, redio na matangazo ya Instagram. Bendi ya dansi haina hela hiyo. Yenyewe inategemea kitu kimoja tu, siku yake. Bendi fulani Alhamisi iko baa ile, Ijumaa iko ukumbi ule, Jumapili ina bonanza, mashabiki wake wanajua na wanakwenda bila kutangaziwa na mtu. Kwahiyo ukiuliza "kuna konsati gani Dar mwezi huu" utaambiwa mbili tatu za bei mbaya, ila ukiuliza "leo nani anapiga wapi" utajikuta kuanzia Jumatano mpaka Jumapili una pa kwenda kila siku na unachagua.

Mimi kazi yangu ni mitambo, nakaa kwenye mixa, ile meza ya kupangia sauti, kwahiyo nakujibu kama mtu wa nyuma ya spika na utanivumilia nikizidisha habari za waya.

Tuanze na hilo la plebeki mana ndo kero yako. Shoo ya Desemba yenye wasanii kumi kwenye bango moja, kila mmoja dakika ishirini, huwezi kubadilisha bendi kumi stejini usiku mmoja, haiwezekani, kwahiyo wengi watapanda na DJ na wimbo uleule wa studio wenye sauti yao ndani, wao wanaongezea juu. Sio dhambi, watu wanafurahi na wanacheza, ila wewe umesema unataka laivu. Kujua mapema ni rahisi. Fika saa moja kabla ya shoo uangalie steji: kuna dramu zimewekewa maiki, kuna ampu za gitaa, kuna mtu anapima sauti na kulalamika monita, ile spika ya kujisikia mwenyewe, haisikiki? Hiyo ni bendi. Kuna meza moja, laptop na maiki mbili za waya? Basi ujue unachokwenda kusikia. Na stejini angalia msanii akielekeza maiki kwa watu waimbe, kama sauti yake bado inaendelea kwenye spika, jibu unalo.

Wapo wa Bongo Fleva wanaopiga na bendi na wanapiga vizuri sana, Lady Jaydee alijenga jina lake la jukwaani na Machozi Band, Barnaba anashika gitaa na kinanda mwenyewe, na wengi waliopita Tanzania House of Talent walifundishwa kuimba na vyombo. Ukiona jina la aina hiyo kwenye ukumbi wa kukaa, watu mia tatu mia nne, nenda. Jina hilohilo kwenye uwanja wa wazi na wengine tisa, uliza kwanza.

Sasa dansi, hapa nitakaa mana hapa ndo penyewe.

Kama una usiku mmoja tu, tafuta Msondo Ngoma au Mlimani Park, yani Sikinde. Msondo ndo ileile NUTA Jazz ya mwaka 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi, chama kilipobadilika jina na bendi ikabadilika, ikawa Juwata, ikawa OTTU, mwisho ikabaki na jina la mtindo wake. Sikinde ilianza 1978 pale Mlimani Park, baadaye ikachukuliwa na shirika la DDC la jiji. Zamani hizo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, ana mshahara, vyombo ni vya shirika, hata ukumbi ukiwa na watu kumi mwisho wa mwezi hela ipo. Hayo yalipokwisha kiingilio kikawa ndo mshahara. Ndo mana bendi inang'ang'ania siku yake, ikikosa Ijumaa mbili watu kumi na tano hawana hela ya nauli. Na ndo mana utaona mzee anapiga besi huku jicho lake liko mlangoni anahesabu wanaoingia hahaha.

Upinzani wa hizi mbili unaujua, bila shaka nyumbani kwenu kulikuwa na upande. Muimbaji mzee Muhidin Gurumo alizipitia zote mbili, Msondo toka enzi za NUTA na Sikinde ilipoanza, akafariki 2014. Waimbaji wengine nao wametutoka, TX Moshi William 2006, Shaaban Dede 2017. Kwahiyo usiende ukitegemea sauti zilezile za kwenye kaseti za mzee wako. Utakuta mchanganyiko, wazee wachache na vijana waliolelewa humohumo, wanaimba nyimbo za miaka ya 80 kwa heshima kubwa na mashabiki wa meza za mbele wanawakagua kila neno. Kijana akikosea mstari kuna mzee atamuonyesha kidole toka kwenye kiti.

Sikiliza magitaa. Hili nalisema kwa kila mtu anayeniuliza mana wengi wanasikiliza muimbaji tu wanakosa nusu ya muziki. Dansi la Dar lina gitaa la solo, mara nyingi sekondi solo, lina rizimu, halafu besi, na hakuna hata moja linalopiga wimbo peke yake, kila moja lina kipande chake kidogo kinachojirudia na wimbo unatokea pale vipande vinapopishana. Chagua gitaa moja ulifuate dakika nzima, halafu hamia jingine. Rizimu kawaida ndo wa kwanza kuzama kwenye spika mbovu, ukilisikia vizuri ujue fundi mitambo wa siku hiyo anajua kazi. Halafu wimbo una nyumba mbili, kwanza unaimbwa taratibu, kisa kinaelezwa, watu wamekaa wanatikisa vichwa, halafu kunakuja chemko, magitaa yanapanda, tumba inaanza kuongea, midomo ya bata, yani trampeti na saksafoni, inajibu, na hapo ndo viti vinabaki vitupu. Midomo ya bata ikiwepo mshukuru Mungu, bendi nyingi zimebaki na saksafoni moja au hakuna kabisa, kinanda kinaiga, mi sikipendi hicho kinanda lakini najua bei ya kumlipa mtu mwingine wa trampeti kwa usiku.

Kaa wapi? Watu wanakimbilia mbele ya spika wakidhani ndo utamu. Kaa usawa wa mixa, katikati, au meza ya karibu nayo. Fundi anapanga sauti kwa masikio yake akiwa pale, kwahiyo anachokisikia yeye na wewe unakipata. Mbele kabisa utasikia tumba na mayowe tu, na pembeni utasikia besi za jana na za leo kwa pamoja.

Kuhusu kumbi sitaki nikupe jina moja nikuambie ndo hilo, bendi zinahama, baa inabadilisha mwenye nyumba, bendi inagombana na meneja, inahamia mtaa wa pili. Majina yenye historia ya bendi unayajua, DDC Kariakoo, DDC Magomeni Kondoa, TCC Chang'ombe, Leaders Club na Mango Garden za Kinondoni. Anza kuulizia huko, na ukiambiwa bendi imehama uliza imehamia wapi, wataalamu wa hilo ni wahudumu na walinzi, sio mtandao. Mtandao unasaidia kwa njia moja, ingia ukurasa wa bendi yenyewe uangalie video ya wiki iliyopita, sio bango, video. Bango linaweza kuwa la mwaka juzi. Video ya Ijumaa iliyopita inakuonyesha ukumbi, watu walikuwa wangapi, na kama tumba na dramu vyote vipo.

Desemba ina mambo yake ambayo wageni hayawajii akilini. Kuanzia wiki ya kwanza makampuni na maofisi yanafanya sherehe za kufunga mwaka na harusi ni nyingi, kwahiyo bendi zinakodiwa. Bendi iliyokuwa na Ijumaa yake mwaka mzima ghafla haipo, imelipwa mara mbili tatu ya kiingilio ikapige kwenye hoteli fulani. Huwezi kuwalaumu. Kwahiyo wiki mbili za mwanzo piga simu kabla hujatoka, halafu tarehe 24 mpaka Januari mosi mambo yanageuka, bendi zote ziko mjini zinajitangaza, kuna Krismasi, kuna Boksing Dei, kuna mkesha, na hapo ndo mara nyingi utasikia bendi mbili zimewekwa ukumbi mmoja. Zikiwekwa Msondo na Sikinde siku moja usikose hata kama una homa. Mkesha wenyewe wa mwaka mpya mi nakushauri uuache, kiingilio kinapanda, watu wamebanana, bendi inakatizwa na kuhesabu sekunde na fataki, muziki unakuwa kidogo. Tarehe 25 jioni au 26 ni bora mara mia.

Ukitaka mambo ya haraka zaidi kuliko ya wazee, zipo bendi za kizazi cha katikati. African Stars, Twanga Pepeta kwa jina la mtaani, ndo iliyorudisha vijana kwenye dansi mwishoni mwa miaka ya 90, safu ya waimbaji, rapa, wanenguaji, kila kitu kinakwenda mbio. FM Academia, Wazee wa Ngwasuma, wao walikuwa wa sebene, yale magitaa ya kasi ya kuchezea, la Kikongo lililokaa Dar mpaka likawa letu, na hiyo sio mara ya kwanza, Maquis walifika toka Zaire miaka ya 70 wakawa bendi ya Dar kama nyingine. Wanamuziki wa hizi bendi wanazunguka sana, leo yuko hapa kesho ana bendi yake, kwahiyo fuata jina la mpiga gitaa au muimbaji unayempenda kuliko jina la bendi. Na Wana Njenje, Kilimanjaro Band, hao ni wa shughuli na kumbi za watu wazima, wanapiga safi, sauti haiumizi, nguo zimepigwa pasi. Shemeji atawapenda kama hataki kurudi nyumbani ananuka moshi wa mishkaki.

Halafu kuna bendi za mahoteli na mabaa ya Masaki na Posta zinazopiga kopi, nyimbo za watu, za Kizungu kidogo, za Kikongo kidogo, zilipendwa mbili. Watu wanazidharau, mi hapana. Humo kuna wapiga vyombo wazuri sana, wengine ndo walewale wa dansi wametafuta hela ya Jumatano. Ila kwa mtu aliyetoka Muscat hilo hata kule unalipata, usitumie usiku wako wa Dar kwa hilo.

Sasa bi mkubwa. Hapa nikuambie ukweli ili usimpeleke sehemu akaondoka amenuna. Taarabu utakayokutana nayo Dar kwenye kumbi ni taarabu ya kisasa, rusha roho, vinanda, besi ya umeme, mipasho waziwazi, watu wanasimama kucheza. Ni laivu kweli, na ukipata siku Khadija Kopa yupo jukwaani, au kikundi kama Jahazi kinapiga, utaona ukumbi wa kinamama unavyoendeshwa na sauti moja. Lakini mtu wa Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya Tanga, mtu wa Shakila, alizoea mashairi ya mafumbo na kukaa kitako, na Shakila mwenyewe alifariki 2016. Muulize kwanza. Kuna kinamama wa umri wake wanaipenda hiyo ya kisasa kuliko sisi, na kuna ambao wataondoka wimbo wa pili.

Akitaka ya udi, fidla, ganuni na akodiani, mpande boti mwende Unguja, karibu masaa mawili tu. Huko kuna Ikhwani Safaa, wapo toka 1905, na Culture Musical Club toka 1958. Kwa desturi vikundi hivi hufanya mazoezi jioni kwenye majumba yao, na mgeni anayeingia kwa salamu na kukaa kimya hafukuzwi. Mi naona mazoezi yana utamu kuliko onyesho la watalii, mana wanarudia, wanabishana, fidla zinatafuta sauti, bi mkubwa atakuwa anawasahihisha moyoni. Pia chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanza 2002, kimetoa vijana wengi wanaopiga ala za zamani kwa mikono mipya, Siti and the Band wametokea huko. Ila usichanganye na tamasha la Sauti za Busara la hukohuko Unguja, hiyo ni Februari, Desemba hutaikuta.

Kama mtabaki Dar na mkaenda kwenye ya kisasa, mwekee bi mkubwa noti ndogondogo kwenye pochi, za elfu moja na elfu mbili. Kutunza kwenye taarabu ni sehemu ya muziki wenyewe, mtu anainuka anakwenda taratibu, anampa muimbaji, anageuka anarudi, na ukumbi mzima umeshajua huo ubeti umemgusa nani. Ukikaa bila noti utaona kama unakosa kitu. Na umwambie shemeji asiinuke kwenye kila wimbo, mana pale kuinuka kunasoma, mtu wa meza ya jirani anaweza kudhani amesemwa.

Mdogo wako. Ana haki nusu. Singeli ndo muziki wa Dar wa sasa, umezaliwa uswahilini, Manzese, Tandale, Mbagala, na mapigo yake yanaanza kama mia mbili kwa dakika na kupanda karibu mia tatu, kasi ambayo mpiga dramu wa dansi akijaribu atalazwa. Ni kazi ya DJ na laptop, kwahiyo kwa kipimo changu cha waya sio bendi, lakini mtu wa maiki ni laivu kuliko wasanii wengi wa mabango, anatunga palepale, anamtaja jirani, anamtaja mwenye nyumba, anapumua sijui saa ngapi. Vijana wa studio ya Sisso muziki wao ulitolewa 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na toka hapo wamepiga Ulaya mara nyingi, wakati sisi hapa bado tunabishana kama ni muziki.

Ila muulize mdogo wako kama anajua mchiriku. Huo ndo mama wa singeli, na ule unapigwa na watu: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, kigoda na fimbo, muimbaji na spika za honi zinazokwaruza makusudi. Jagwa Music wa Mwananyamala waliupeleka mpaka kwenye matamasha makubwa ya Ulaya na albamu yao ya 2012. Ukisikia kuna shughuli ina mchiriku, nenda, hiyo ni laivu hata mimi sina la kubisha. Tatizo haya mambo hayana tangazo, yako kwenye harusi, ngoma za watoto, vigodoro, yani ngoma za usiku za mtaani, na hivyo vigodoro serikali za mitaa zimeshavipiga marufuku mara kadhaa kwa sababu ya kelele na fujo, kwahiyo mwache mdogo wako aongoze, nendeni alasiri sio usiku wa manane, simu mfuko wa mbele, na bi mkubwa abaki nyumbani.

Na ukiwa barabarani Jumamosi mchana usifunge vioo vya gari. Matarumbeta ya harusi yanapita juu ya pikapu, wapuliza vyombo watu sita saba, ngoma kubwa nyuma, wanapiga nyimbo za dini, za Bongo Fleva, chochote bibi harusi alichoagiza, bila umeme hata kidogo. Maeneo ya Mbagala na Temeke ukiwa na bahati utakutana na mdundiko, watu wanaifuata ngoma barabarani wanaondoka nayo. Hiyo kiingilio chake ni foleni tu.

Kwa anayetaka kukaa kwenye kiti na kusikiliza kimya, kuna Alliance Française pale Upanga, wana ukumbi mzuri na wanaleta bendi za hapa na za nje, na Nafasi Art Space Mikocheni, uwanja wa wasanii, muziki unachanganyika na maonyesho ya picha. Hizi zinaanza karibu na saa iliyoandikwa, sauti nzuri, na hakuna anayekushangaa kwa soda. Lakini ni taasisi, kwenye sikukuu zinafunga, kwahiyo angalia ratiba zao wiki mbili za mwanzo za mwezi. Kijiji cha Makumbusho pale Bagamoyo Road wana ngoma za asili, wapeleke watoto mchana. Na hata kama wewe si Mkristo, kwaya za Desemba kwenye makanisa ya mjini, pale Azania Front kwa mfano, ni sauti za watu bila longolongo, jengo lenyewe linafanya kazi ya spika.

Umesema hunywi. Haina shida kabisa, baa za bendi nusu ya wanaokuja kusikiliza kweli wana maji na soda, walevi ndo hawasikilizi. Ila kumbuka sehemu nyingi baa ndo inailipa bendi au inaichangia, kwahiyo usikae na soda moja toka saa tatu mpaka saa nane, agiza nyama, agiza chipsi, mhudumu akuone wa maana. Kiingilio cha bendi mara nyingi ni kwenye elfu tano mpaka elfu kumi, sehemu nyingine hakuna kiingilio, kinywaji ndo kiingilio. Kwa familia na kwa bi mkubwa bonanza la Jumapili ni bora kuliko usiku, linaanza jioni mapema, watoto wapo, nyama choma ipo, saa nne mko nyumbani. Kwa usiku usifike saa mbili kwa sababu tangazo limesema saa mbili, utakuta wanafunga waya na mimi nimelala kwenye kasha la spika. Fika saa nne kasoro, bendi inapiga taratibu kwanza, nyimbo zenyewe wanaziweka baada ya saa sita.

Kuondoka ondoka na mtu unayemjua au gari ya kuita kwa programu ya simu, usichukue bodaboda ya mlangoni saa tisa usiku na shemeji ana gauni. Na gari ukienda nalo muulize mlinzi pa kuliweka kabla hujashuka.

Kitu kingine ambacho hukuuliza, kelele. NEMC, wale wa baraza la mazingira, wamekuwa wakifuatilia baa zinazopiga muziki mkubwa karibu na nyumba za watu, nyingine zimefungiwa, kwahiyo sehemu za wazi nyingi zimepunguza sauti au zinakatisha mapema. Kwa mashabiki wa kelele ni msiba, mi nimefurahi kimoyomoyo, sauti ikishuka kidogo magitaa yanasikika na spika zangu haziungui.

Ningekuwa mimi ndo wewe na nina wiki tatu, ningefanya hivi. Wiki ya kwanza Alliance au Nafasi na shemeji, wawili tu, huku mwili unazoea joto. Wiki ya pili boti ya Unguja na bi mkubwa, mlale usiku mmoja, msirudi siku hiyohiyo mana muziki ni jioni na boti ni mchana. Jumapili yoyote katikati bonanza na familia yote. Alasiri moja mpe mdogo wako akuonyeshe dunia yake. Halafu Krismasi mpaka tarehe 30 uwe wa dansi peke yake, na usiku mmoja uende bila mtu, ukae karibu na mixa, usiongee na mtu.

Uliuliza uepuke nini. Epuka tiketi za kununua kwa mtu kwenye simu, bendi nyingi hazina tiketi za mapema, ni mlangoni tu. Epuka uwanja wa wazi bila paa, vuli huwa haijaisha vizuri mwanzoni mwa Desemba na mvua ikinyesha fundi wa kwanza kukimbia na vyombo ni mimi. Na kabla hujatoka nyumbani piga simu baa saa kumi jioni, sio kwa meneja, omba kuongea na kaunta, uliza mambo mawili: vyombo vimeshashushwa? Jenereta lina mafuta? Wakikwambia bendi inakuja lakini vyombo havijafika, siku hiyo kaa nyumbani, au nenda bendi ya pili uliyokuwa umeiweka akiba.